Sekunde Saba

Kipande kimerudi ndani ya bahasha ya kahawia:
kishikio cha gongo la kutembelea, kimekatika katikati,
na barua ya mistari mitatu. Bibi Ravinel,
miaka themanini na mmoja, alianguka kwenye ngazi za posta.
Nyonga ni salama. Mkono, la.

Oyonnax imelala chini ya theluji.
Mji huu ulizichana nywele za watu kabla haujaijua plastiki:
babu zetu walichonga vitana vya mti, kisha vya pembe,
na pembe ilipoungua msumenoni walisema
hiyo ndiyo harufu ya mshahara.

Nakata. Kisu cha maabara kinamenya utando
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Naulaza kiooni, naielekeza hadubini,
navizungusha vichujio viwili vya mwanga hadi giza liingie.
Gizani ndipo plastiki husema.

Kwanza ganda. Hapa uji wa nyuzi mia mbili na thelathini
uligusa chuma baridi, ukashikwa papo hapo,
molekuli zake zikiwa bado zimevutwa upande mmoja,
kama nywele zilizochanwa na baridi ikazikamata
kabla hazijarudia kujikunja.

Halafu kiini. Huko joto hukawia,
na kilichopewa muda hujipanga chenyewe:
fuwele za mviringo, kila moja na msalaba mweusi kifuani,
zinasukumana mabega mpaka mipaka inanyooka.
Ghislaine, aliyenifundisha kazi, huita bustani.
"Nioneshe bustani," husema,
"nami nitakwambia maji ya kalibu yalikuwa na joto gani."

Bustani hii ni uchochoro.
Ganda limekula nafasi kutoka pande zote mbili,
na nyuma ya tundu la skrubu, mshono:
mkondo uligawanyika kuuzunguka mwiba wa chuma,
ukajikuta upande wa pili umekwisha poa.
Ulipeana mkono na nafsi yake. Haukukumbatiana.
Ufa ulipita hapo hapo, bila kuuliza njia.

Nje, hakuna kosa. Rangi ni ile ile ya kijivu,
uzito sawa kwa gramu, vipimo sawa kwa unywele.
Mkaguzi alikipitisha. Ningekipitisha mimi.

Nafungua daftari la mashine namba sita.
Usiku wa kuamkia tarehe kumi na tisa Novemba
maji ya kalibu yalishushwa, nyuzi sitini hadi ishirini,
ili kila mzunguko upungue sekunde saba.
Thelathini na nane zikawa thelathini na moja.
Vipande mia moja sabini na kimoja vya ziada
kabla hakujapambazuka.
Bwana Chavent alileta keki asubuhi.

Naikumbuka keki. Ilikuwa ya lozi.
Sahihi iliyo chini ya ukurasa,
yenye mkia unaopanda kama wa paka aliyeshiba,
ni yangu.

Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo,
lakini nani alisema mkono wenye haraka
hubaki ndani ya samaki,
umelala kimya chini ya ngozi iliyong'aa,
ukisubiri uzito wa mtu?

Ghislaine amesimama mlangoni, koti mkononi.
Haulizi. Ameiona picha kwenye skrini,
na anaijua bustani niliyopaswa kuipanda.
"Chanzo," anasema, "andika chanzo,
usiandike hali ya hewa."

Naandika. Kalamu inakwama kwenye herufi ya kwanza ya jina.
Kisha nashuka kiwandani, napandisha maji hadi sitini,
nasimama mbele ya namba sita kalibu likiwa limefumba,
nahesabu zile saba kwa sauti.
Ni ndefu. Sikujua kwamba ni ndefu hivi.

Zamu ile ilitoa vipande mia tisa ishirini na tisa.
Kimoja kimo bahasheni.
Vingine sijui viko mikononi mwa nani,
na theluji bado inaanguka kwenye ngazi.